Jembe la Mgeni

Mtaa ule ulijua kukaribisha watu, na anayesema vinginevyo ni mwongo. Siku fundi makochi alipohamia na mkewe kutoka jimbo la mbali, lori halijazima injini, tayari godoro lilikuwa mabegani mwa watu. Mmoja alibeba kitanda, mwingine alibeba cherehani, mwingine akambeba kuku ambaye angeweza kabisa kutembea mwenyewe. Mama mwenye nyumba alileta chai, birika zima, na sukari aliitia kwa kijiko kikubwa. Karibuni, karibuni sana, jisikieni mko nyumbani. Fundi aliketi juu ya kochi lake lililokuwa bado limefungwa kamba, akanywa chai, akatamani kulia kwa furaha, maana kule walikotoka kiwanda kilikuwa kimefungwa na watu walikuwa wameanza kufichana hata chumvi.

"Watu wa huku wazuri," alimwambia mkewe jioni ile.

Mkewe alikuwa anatafuta sindano zake ndani ya maboksi. "Ngoja kwanza tuwaone wakinuna," alisema.

Wakamwita Mgeni. Hawakumwita kwa ubaya. Jina lake walilisikia siku ya kwanza, likawapa tabu kidogo mdomoni, wakaliweka pembeni kama kiatu kinachobana. "Mgeni, kochi langu vipi?" "Mgeni, umeamkaje?" Naye aliitika, na akiitika alicheka. Mwaka ukapita, ikapita mingine mingi. Binti yake akazaliwa katika chumba kile kile, akaota meno, yakang'oka, yakaota mengine, akaenda shule, na shuleni akaitwa binti wa Mgeni. Walimu walimuuliza, eti kwenu kuna baridi? Akajibu kwamba kwao ni pale nyuma ya duka la mkaa. Darasa zima likacheka. Hakuwahi kujua walichokicheka, na aliyejua hakuwa na moyo wa kumweleza.

Kazi waliifanya wawili. Chumba cha mbele kilikuwa karakana. Fundi alivua makochi ya watu nguo zao kuukuu, akang'oa pini moja moja, akakaza mikanda, akabadilisha sponji iliyolala, kisha akamkabidhi mkewe vipimo naye akashona vitambaa kwenye cherehani ya miguu. Mtaa ukampa mkewe jina pia, Mama Cherehani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye ulimi usiokopesha. Mteja akilalamika kwamba kochi limekuwa gumu, alimwambia, "Limefundishwa adabu. Wewe ndiye uliyelizoesha vibaya." Na mteja alikwenda zake akicheka, na kesho yake alimleta dada yake na viti vinne.

Mbao za fremu walinunua kwa Kipimo. Kipimo alikuwa muuza mbao wa mtaa, mtu wa maneno taratibu, na jina lake alilipata kwa sababu ya fimbo aliyoichonga mwenyewe, yenye alama za msumari. Fimbo ile aliipimia mbao, na siku za misiba aliipimia kaburi. Yeye na Mgeni walikuwa marafiki, au tuseme walikuwa wanataniana kila siku, jambo ambalo mtu mwepesi wa kuamini huliita urafiki.

Sasa mtaa ule ulikuwa na sheria yake ya makaburini. Mchimbaji wa kulipwa hakuwepo. Mtu akifa, kila nyumba ilitoa mwanamume na jembe, Kipimo akawa msimamizi, wakachimba kwa zamu mpaka fimbo ikaridhika. Leo unamchimbia mwenzio, kesho unachimbiwa. Ukitaka kujua nani ni nani pale mtaani, usiangalie nyumba wala gari, angalia nani anashuka shimoni.

Msiba wa kwanza baada ya kuhamia, Mgeni alikwenda dukani akanunua jembe. Alilitia mpini mwenyewe, akalinoa mpaka likawaka, akafika makaburini kabla ya wengi. Kipimo alimpokea kwa mikono miwili. Kisha mikono ile miwili ikashika mpini, ikauvuta taratibu, ikautoa.

"Mgeni hachimbi," alisema kwa upole. "Wewe umetoka mbali. Nenda kivulini, pumzika."

Wakamletea kiti. Kilikuwa kiti alichokivika kitambaa yeye mwenyewe wiki iliyotangulia. Akakaa. Aliletewa maji kabla ya wazee. Alirudi nyumbani akiwa amevimba kichwa, akamsimulia mkewe heshima aliyopewa.

"Na jembe?" mkewe aliuliza.

"Lilichimba. Mmoja wao alilishika. Wamelisifu sana."

Mama Cherehani alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Basi jembe wamelipokea," alisema. "Wewe ndiye waliyekukataa."

Fundi alimwambia mkewe kwamba ana roho ya kushuku. Lakini msiba wa pili ikawa vile vile, na wa tatu, na mingine yote iliyofuata. Jembe lake lilijulikana kwa makali. Mtu akifika makaburini alisema, liko wapi lile la Mgeni, nipeni hilo. Liliisha kwa kuchimba makaburi ya watu, mpini ulibadilishwa mara nyingi, na mwenye jembe hakuwahi kupata tope kwenye kiatu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walimpokonya hata lile alilokuja nalo, na alisema asante kila mara. Hapo ndipo mimi humkasirikia. Asante ya kwanza naielewa. Zile nyingine alizisema kwa woga, kwa sababu alikuwa ameshaelewa, na aliogopa kuuliza asije akajibiwa.

Mkewe hakuwa na woga huo. Upande wa wanawake nako alikuwa akiwekwa mkekani pamoja na wakubwa, ale vizuri, asiinuke. Msiba wa tatu alivua ndala, akazunguka nyuma ya nyumba, akaketi mbele ya rundo la masufuria meusi na akaanza kusugua kwa majivu. Wakamwambia, aa, acha bwana, wewe mgeni. Akasema, "Siku ya tatu imepita zamani. Jembe langu ndilo hili, na atakayeninyang'anya nitampaka masizi." Wakacheka, wakamwacha. Tangu siku hiyo aliosha kama wenzake, akasengenya kama wenzake, akagombana nao juu ya nani amekimbia zamu. Mama mwenye nyumba alikosana naye msimu mzima kwa sababu ya mfuniko uliopotea. Na mgeni hagombezwi. Mgeni huchekewa tu.

Kisha Mama Cherehani akaugua. Maradhi yalianzia miguuni, miguu ikavimba asiweze kukanyaga cherehani, yakapanda. Alilala chumba cha nyuma na kuwapigia kelele mume na binti kuhusu mishono waliyoipindisha. Siku moja ya utulivu alimwita mumewe akae.

"Nikifa mnizike hapa," alisema. "Kule kwetu waliobaki wananijua kwa kufanana na mama yangu tu. Hapa nimeosha masufuria yao. Na huyu mtoto akitaka kuja kunililia, aje kwa miguu. Asiwe anatafuta nauli ya kumlilia mama yake."

"Hufi," alisema mumewe.

"Sijakuuliza kama nitakufa. Nimekwambia mnizike hapa. Niahidi."

Akaahidi. Aliahidi haraka, kama mtu anayeahidi jambo dogo, maana alijiona ana ardhi nzima ya mtaa mkononi.

Mama Cherehani alifia hospitali, asubuhi. Habari ilifika mtaani kabla ya mumewe kufika, na alipofika alikuta nyumba imejaa. Wanawake walilia, na walilia kweli. Mama mwenye nyumba alikuwa ameketi chini, ameukumbatia mguu wa chuma wa cherehani. Sufuria zilikuwa motoni, viti vimepangwa nje, na aliyekosa kiti alisimama. Siwezi kuwanyima haki yao. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na siku ile walimfaa, mpaka mchana.

Mchana akaja Kipimo na wanaume wawili nyuma yake, wote nyuso za watu wenye habari njema wanaojizuia kwa ajili ya msiba.

"Mgeni," alisema Kipimo, "usihangaike na lolote. Tumechanga. Lori limepatikana, mafuta tumejaza, dereva yuko tayari. Mama Cherehani anarudi kwao kwa heshima zote."

Paa la shule liliporuka kwa upepo, mtaa ule ulichanga misimu miwili na bado mchango haukutosha. Kwa ajili ya lori hili walikuwa wamemaliza kabla jua halijapinda.

Fundi aliwatazama. "Haendi popote," alisema. "Anazikwa hapa."

Wale wawili waliangalia chini. Kipimo alimshika bega. "Una majonzi. Mtu akiwa na majonzi hasahau tu kula, husahau na kwao. Mkataa kwao ni mtumwa, ndugu yangu."

"Kwao ni hapa."

"Hapa mnaishi. Tumeishi vizuri, kuna aliyewasumbua? Lakini kuzikwa ni jambo lingine."

"Kuna nafasi kule makaburini au hakuna?"

"Nafasi ipo. Ardhi hatumnyimi mtu." Kipimo alipumua kama mtu anayelazimishwa kusema jambo ambalo mtoto angelijua. "Sisi tunachimbiana. Sasa wewe, Mgeni, umemchimbia nani?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anavyouliza mbao ni za futi ngapi, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Mlininyang'anya jembe," fundi alisema. "Kila msiba. Jembe langu limechimba nusu ya makaburi yale."

"Jembe, ndiyo. Wewe hapana."

"Nilikuja nalo mkononi, Kipimo. Ulilitoa wewe mwenyewe."

"Tulikupumzisha." Kipimo alionekana ameumia kikweli, na mimi naamini aliumia. "Ile ilikuwa heshima, Mgeni. Hakuna mtu aliyewahi kuheshimiwa hapa kama wewe."

"Basi nipumzisheni leo," alisema fundi. "Siku zile sikuwa nimechoka. Leo nimechoka. Nipumzisheni leo."

Mama mwenye nyumba ndiye aliyeinuka pale kwenye cherehani, akajifunga kanga vizuri. "Makaburi ni ya mtaa, si ya mwenye fimbo," alisema. "Huyu ameosha masufuria ya misiba yenu yote, na ya mama yako, Kipimo, aliyaosha peke yake. Azikwe."

"Nani kakataa?" alisema Kipimo. "Atakayechimba na achimbe."

Kesho yake asubuhi fundi alichimba. Alikwenda na binti yake, jembe moja, na beleshi la kuazima kwa mama mwenye nyumba. Wanaume wa mtaa walikuja wote, maana kutokuja kwenye mazishi ni aibu, wakaketi juu ya ukuta mfupi wa makaburi wakiwa na majembe yao yameegemezwa magotini. Lori lilisimama nje na mafuta yake. Hawakumtukana, hawakumzuia. Walizungumza kwa sauti ya chini ya kumpa nafasi.

Mkono wa fundi makochi umezoea kuvuta kitambaa na kubana pini. Udongo ule haukuvutwa wala kubanwa. Ngozi ya viganja ilipanda malengelenge, malengelenge yakapasuka, mpini ukateleza. Binti alishuka, akachimba, akatoka, baba akashuka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema watu, na fundi alikuwa ameshughulika na usufi maisha yake yote, alijua wepesi wake. Alichimba huku analia waziwazi bila kufuta, na aliwachukia watu wale kwa chuki safi, mmoja mmoja, kwa sura na kwa makochi yao. Huyu alimtengenezea kiti cha kulalia. Yule ana deni la shukrani tangu harusi ya mwanawe. Binti alimwambia, "Baba, usiwaangalie." Yeye mwenyewe alikuwa anawaangalia.

Jua lilipokuwa kichwani Kipimo alishuka ukutani. Fundi akadhani amekuja kusaidia, na moyo, mpumbavu, ukaruka. Kipimo aliteremsha fimbo ndani ya shimo, akaisoma alama. "Bado," alisema. "Ongezeni." Akarudi ukutani.

Walipomleta Mama Cherehani, kaburi lake lilikuwa limepinda upande mmoja, kazi ya mtu asiyejua. Akalala humo. Hapo ndipo wanaume wote waliposhuka na majembe na kufukia kwa bidii, vumbi likatimka, kwa sababu kufukia si kuchimba. Kufukia hata mpita njia huruhusiwa.

Baada ya hapo fundi alinunua mbao mtaa wa pili. Cherehani aliifunika kwa shuka mpaka binti alipoifunua na kuanza kushona, na ikabidi afundishwe na mishono ya mama yake, kwa kuifumua na kuitazama. Watu walimsalimu fundi kama zamani, naye akaitika kwa kichwa. Alisema hatakanyaga tena msiba wa mtu.

Aliyekufa baada ya hapo ni mama mwenye nyumba. Kwa huyo hakuweza kukaa ndani. Alichukua jembe, akatembea polepole, na kule makaburini akasimama pembeni akisubiri mikono miwili ya upole ije kuchukua mpini. Alikuwa amejiandaa kwa maneno makali kabisa. Mikono haikuja. Kipimo alimtazama mara moja tu, akanyoosha fimbo. "Fundi, anzia upande wa kichwa," alisema, akaendelea kupanga wengine.

Ndiyo hivyo tu. Hakukuwa na msamaha wala maelezo. Alikuwa na kaburi lake pale, alilolichimba kwa mkono wake, na kwa hesabu za mtaa ule hilo lilitosha. Alishuka shimoni, na aibu yake kubwa, ambayo hakumwambia mtu, ni kwamba alifurahi. Bega lake liligusana na mabega ya wale wale wa ukutani. Mmoja alimtania, "Fundi, polepole, usitupindie kama lile lako," na shimo zima likacheka, naye akacheka. Alikuwa ameshacheka kabla hajakumbuka lile lake ni la nani.

Binti yake alikuwa anapita na ndoo ya maji na kikombe. Wakati huo akafika kinyozi. Kinyozi huyu alikuwa amehamia na familia yake msimu ule, kutoka jimbo jingine kabisa, na mtaa ulimpokea kama unavyojua kupokea: godoro mabegani, chai ya birika zima. Alikuja ananyata, suruali ameikunja, na jembe jipya ambalo karatasi ya dukani ilikuwa bado imegandia kwenye mpini. Alisimama ukingoni mwa shimo, akatabasamu, akasubiri aambiwe aanzie wapi.

Kipimo alikuwa upande wa pili, mgongo umegeuka. Wengine walikuwa wanapumua. Aliyenyoosha mkono juu kutoka shimoni ni fundi makochi.

"Lete hilo, mgeni," alisema kwa upole. "Umetoka mbali wewe. Kaa kivulini, pumzika."

Kinyozi alilikabidhi jembe kwa mikono miwili, uso umemng'aa. "Asante sana, mzee," alisema. "Kwa kweli mmetupokea vizuri." Akaenda kivulini akaketi kwenye kiti ambacho kitambaa chake cha maua kilishonwa na Mama Cherehani.

Binti alikuwa amesimama na kikombe mkononi. Alikuwa amesikia. "Baba," alisema.

Angeweza kumwita kinyozi arudi. Kivuli hakikuwa mbali. Fundi aliangalia pale, akaangalia kikombe ambacho binti hakumpa, akaliangalia jembe jipya na kulipitisha kidole gumba kwenye makali. Mwenye nalo alikuwa amelinoa vizuri. Kipimo alisema nyuma yake, "Haya jamani, jua linakwenda," naye akainama akaendelea kuchimba.